Je, Jibu Lilirudi? Hotuba kuhusu Kupima Demokrasia ya Mashinani

Hotuba hii ilitolewa Jumamosi alasiri mbele ya wakazi wa mitaa ya Eastlands waliokutana Kaloleni, Nairobi. Inawekwa hapa nzima kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika.

Wazee wetu mlioketi hapa mbele, mama zetu, ndugu zangu mliofunga vibanda vyenu mapema ili mje, na ninyi vijana mliosimama kule nyuma kwa sababu viti vimeisha: hamjambo? Ahsanteni sana kwa kuja.

Kaloleni ni mtaa uliozoea mikutano. Kabla ya uhuru, babu zetu walikusanyika hapa kujadili siasa za nchi ambayo ilikuwa haijawa yao, na walijadili wakijua wazi kwamba aliyewatawala hakuona kuwa ana deni la kuwajibu. Sisi wa leo tuna Katiba iliyoidhinishwa rasmi tarehe 27 Agosti 2010, na Kifungu chake cha kwanza kabisa kinasema kwamba mamlaka yote ni ya wananchi wa Kenya. Tuna serikali 47 za kaunti, tuna gavana tuliyemchagua wenyewe, tuna mwakilishi wadi ambaye wengi wenu mnamjua hadi nyumbani kwake. Basi ninalo swali moja la kuwauliza leo, na nitalirudia mpaka tutakapoachana: tukishasema, je, jibu hurudi?

Niruhusuni nianze na kisa cha daftari.

Mwaka 2016 nilihudhuria mkutano wa bajeti katika wadi moja ya jiji hili. Wadi yenyewe sitaitaja, kwa sababu sikuja hapa kumtia mtu aibu. Mlangoni palikuwa na meza ndogo, na juu yake daftari la mahudhurio, na kalamu ya wino wa buluu iliyofungwa kwa uzi kwenye mguu wa meza. Daftari lilikuwa na safu nne: jina, nambari ya kitambulisho, nambari ya simu na sahihi. Tuliambiwa tutie sahihi kwanza ndipo tuingie, nasi tukatia. Ndani, kitabu cha makadirio ya bajeti kilikuwa kimoja tu, kimeandikwa kwa Kiingereza, na kilikuwa mkononi mwa ofisa aliyekuwa akizungumza. Baada ya kama saa moja ya maelezo, mama mmoja anayeuza mboga karibu na stendi ya matatu alisimama, akajifunga leso vizuri, akauliza: "Mtaro wa pale kwetu uko ukurasa wa ngapi?" Ofisa alifungua kurasa, akafungua tena, ukumbi mzima ukimya, kisha akamjibu kwa heshima: "Mama, pendekezo lako limepokelewa." Tukapiga makofi. Nami pia nilipiga.

Masika iliyofuata maji yaliingia kibandani mwa mama yule mpaka rafu ya pili, na gunia lake la viazi akaliweka juu ya mawe manne. Miezi kadhaa baadaye niliiona ripoti ya mkutano ule. Ilikuwa na sentensi moja tu kutuhusu: kwamba wananchi walishirikishwa na wakaunga mkono makadirio. Nyuma yake, kama ushahidi, zilikuwa nakala za kurasa za daftari lile. Sahihi yangu ilikuwa ya tisa kutoka juu. Ya mama yule ilikuwa chini ya yangu.

Ndugu zangu, sahihi ya mtu aliyekuja kuomba mtaro ilitumika kuthibitisha kwamba ameridhika na bajeti isiyokuwa na mtaro! Je, mkutano ulifanyika? Ulifanyika. Je, matakwa ya sheria yalitimizwa? Ukiangalia karatasi, yalitimizwa. Je, yule mama alitawala chochote siku ile, yeye ambaye Katiba inamwita mwenye mamlaka? Hapo ndipo ninapowaomba tukae kidogo.

Mahakama zetu zimeshalikuta jambo hili. Mwaka 2014 Mahakama Kuu, mbele ya Jaji George Odunga, iliibatilisha Sheria ya Fedha ya Kaunti ya Kiambu ya mwaka 2013, ile inayoweka kodi na ada za kaunti, kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Jaji alisema kwamba bunge la kaunti lina wajibu wa kuwatafuta watu pale wanapokusanyika, makanisani, misikitini, mahekaluni, kwenye mabaraza na katika redio zinazotangaza kwa lugha zao, na kwamba ushiriki wa umma haupaswi kuwa shughuli ya kutimiza tu masharti. Hukumu ile imenukuliwa mara nyingi tangu wakati huo. Lakini mahakama huja mwishoni, sheria ikiwa tayari imepita na ada zimeanza kutozwa. Mwenye kibanda hawezi kuajiri wakili kila masika. Ni lazima tuwe na namna yetu wenyewe ya kujua mapema kama demokrasia ya wadi yetu ni nzima au ni mgonjwa.

Wako watu waliofikiria jambo hili kwa muda mrefu. Mwanazuoni mmoja wa Uingereza, David Beetham, aliijenga kazi yake juu ya mambo mawili ambayo ni mepesi kuyasema na mazito kuyatimiza. La kwanza, wananchi wawe na uwezo wa kuyadhibiti maamuzi ya umma na wale wanaoyafanya. La pili, wawe sawa katika kuutumia uwezo huo. Taasisi ya International IDEA, yenye makao yake Stockholm nchini Uswidi, iliyachukua mawazo hayo ikaunda utaratibu wa kutathmini demokrasia, na baadaye utaratibu wa ngazi za chini kama miji na wilaya. Jambo ninalolipenda katika utaratibu huo ni hili: wanaopima ni wenyeji wenyewe. Hakuna mgeni anayekuja na kipimo chake, akatupa alama, akapanda ndege. Anayelala katika mtaa ndiye anayejua taa ipi haiwaki.

Tuseme kidogo kuhusu uchaguzi, kwa sababu wengi tukisikia demokrasia tunaona sanduku la kura. Mwaka 2013, mwaka ambao kaunti zilizaliwa, waliojitokeza kupiga kura nchini walikuwa takriban asilimia 86 ya waliojiandikisha. Mwaka 2022 walikuwa takriban asilimia 65. Wapo wanaosema watu wamekuwa wavivu. Mimi sikubali. Mtu anayepanga foleni ya maji tangu saa kumi alfajiri si mvivu. Mtu huchoka kusema pale anapogundua kwamba hajibiwi, na ninaamini tukiponya kile kinachotokea kati ya uchaguzi mmoja na mwingine, foleni za kura zitarefuka zenyewe.

Sasa nije kwenye suala la nani yumo ukumbini na nani hayumo. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 4,397,073 katika Kaunti ya Nairobi. Tuna wadi 85. Ukigawa, kila wadi ina watu zaidi ya elfu hamsini. Mkutano wa bajeti ukiitwa Jumanne saa nne asubuhi katika ukumbi unaobeba watu mia mbili, nani atakuja? Kijana wa bodaboda hatakuja, kwa sababu saa hizo anatafuta pesa za mafuta na za mwenye pikipiki. Msichana anayefanya kazi viwandani hatakuja. Anayetumia kiti cha magurudumu atafika mlangoni akute ngazi tano. Kiziwi atakuja, aketi, atazame midomo, arudi nyumbani. Mpangaji ataambiwa mkutano ni wa wenye nyumba. Watakaokuja ni wale wale, na nusu yao wamepigiwa simu usiku wa kuamkia siku hiyo. Halafu itaandikwa kwamba wadi imesema.

Je, haiwezekani kufanya vingine? Inawezekana, na imewahi kufanyika hapa hapa Nairobi, mwendo mfupi kutoka tulipoketi. Mwezi wa Agosti mwaka 2017, serikali ya kaunti ilitangaza mitaa ya mabanda ya Mukuru, yaani Kwa Njenga, Kwa Reuben na Viwandani, kuwa eneo maalum la mipango. Hilo ni eneo la takriban kaya 100,000, watu walioishi miaka mingi wakinunua maji na umeme kwa bei ya juu kuliko wakazi wa mitaa ya kifahari. Wapangaji wangeweza kuchora ramani ofisini na kuileta ikiwa imekamilika. Badala yake, wakishirikiana na Muungano wa Wanavijiji, shirikisho la wakazi wa mitaa ya mabanda, na mashirika mengine mengi, walianza na kaya kumi. Kaya kumi zilikaa pamoja zikazungumza na kumtoa mmoja wa kuzisemea. Makundi kumi ya namna hiyo yakafanya kundi la kaya mia, nayo yakapanda hivyo hadi ngazi ya juu. Fikirini maana yake. Mama asiyeweza kuacha mtoto nyumbani ili aende ukumbini anaweza kuvuka kichochoro na kuketi na majirani tisa. Mtu mwenye haya ya kusimama mbele ya watu mia mbili hana haya mbele ya jirani anayemwazima chumvi. Kutokana na mazungumzo hayo zilitoka hoja za maji, mitaro, barabara na zahanati ambazo hakuna mtaalamu angeziota akiwa mezani kwake, na sehemu ya kazi hiyo, barabara na maji, ilikuja kujengwa kweli.

Lakini sitawaficha upande wa pili. Mwishoni mwa mwaka 2021, katika Mukuru hiyo hiyo, huko Kwa Njenga, nyumba za maelfu ya watu zilibomolewa kupisha barabara. Watu waliokuwa wamekaa makundi ya kumi kumi kupanga mtaa wao walijikuta wakilala nje mvua ikinyesha. Nimewaza sana juu ya hilo. Watu wale wale, ardhi ile ile, katika miaka minne tu: mara moja waliulizwa mpaka mlangoni, na mara nyingine walishtukia tingatinga. Kwa hiyo tunapopima, tusiulize tu jinsi watu walivyoshirikishwa katika jambo zuri lililotangazwa. Tuulize pia kuhusu lile jambo ambalo hawakuulizwa. Mara nyingi lile ndilo lililobadilisha maisha yao.

Na jiji letu lina historia ya kutoulizwa. Wazee mnakumbuka mwaka 1983, Baraza la Jiji lilipoondolewa na serikali kuu ikaweka Tume ya Jiji. Tume ile ilikaa mpaka mwaka 1992. Vijana mnakumbuka Februari 2020, hati ilipotiwa sahihi Ikulu na majukumu manne makubwa ya kaunti, afya, uchukuzi, mipango na kazi za umma, yakahamishiwa serikali ya kitaifa, ndipo ikaundwa Idara ya Huduma za Jiji la Nairobi chini ya Jenerali Mohamed Badi. Sisemi hakuna kilichofanywa. Zahanati zilijengwa na barabara za mitaa zikapata lami. Sisemi pia kwamba serikali ya kaunti ilikuwa ikifanya vizuri. Nauliza tu: ni nani kati yetu aliyeulizwa? Nyoosha mkono kama uliulizwa. Sioni mkono. Huduma nzuri inayokuja bila kuulizwa huondoka vile vile bila kuulizwa, na idara ile ilipofunga kazi mwaka 2022, wapo waliobaki na miradi nusu wasijue wamfuate nani.

Nirudi sasa kwenye swali langu, maana hapa ndipo roho yangu ilipo. Jibu.

Kaunti ya Makueni, chini ya gavana wake wa kwanza Kivutha Kibwana, ilifanya jambo ambalo wengi wamekwenda kujifunza. Ushirikishwaji ulianzia kijijini, ukapanda hadi wadi na kaunti ndogo kabla ya kufika kaunti, na kila mradi ukawa na kamati ya wananchi waliochaguliwa na majirani zao. Kamati ilipewa maelezo ya kazi na gharama yake. Mkandarasi alipomaliza, ilikagua, na bila sahihi za wanakamati hakulipwa. Mnaona tofauti ya sahihi hii na ile ya kwangu ya mwaka 2016? Ile ilitiwa mlangoni kabla hatujasikia lolote. Hii hutiwa mwishoni, mtu akiwa amesimama juu ya daraja lenyewe, amelikanyaga, ameona kama nondo zimefunikwa au ziko nje.

Kule Brazili, mji wa Porto Alegre ulianza mwaka 1989 kuwapa wakazi nafasi ya kuamua sehemu ya bajeti, na mikutano ya mwanzo wa mwaka ilifunguliwa kwa serikali ya mji kutoa hesabu: mwaka jana mliamua hivi, tumefanya hivi, hili halijafanyika, na sababu ni hii. Hapo ndipo kikao kilipoanzia. Hakuna aliyeombwa mapendekezo mapya kabla hajajibiwa yale ya zamani. Mpango ule ulidhoofika baadaye viongozi walipobadilika, na mwaka 2017 ukasimamishwa, jambo linalotuonya kwamba desturi nzuri inayotegemea nia njema ya aliye ofisini hufa siku anapohama.

Sisi bahati yetu ni kwamba desturi hiyo kwetu imeandikwa ndani ya sheria. Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012, Kifungu cha 89, inasema kwamba mamlaka za kaunti zina wajibu wa kujibu haraka maombi na malalamiko ya wananchi. Neno ni wajibu. Na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016 inampa ofisa wa umma siku 21 kukujibu unapoomba taarifa. Hulazimiki kueleza unaitakia nini. Unaweza kuandika kwa Kiswahili, sheria yenyewe imesema Kiingereza au Kiswahili. Na kama hujui kuandika, au una ulemavu unaokuzuia, unaweza kusema kwa mdomo na ofisa akaandika. Ukinyimwa, kuna Tume ya Haki ya Utawala, ile tunayoiita Ombudsman, ambako utapeleka lalamiko lako. Wangapi hapa walikuwa wanalijua hili la Kiswahili? Watatu. Ahsanteni kwa ukweli wenu. Mama yule wa mboga pia hakulijua, na mimi niliyeketi karibu naye sikulijua.

Tena kuna kalenda, na hii naomba muiandike. Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai. Wengi wetu huitwa mwezi wa Mei, tukafika tukidhani tunaanza, kumbe wenzetu wanamaliza. Mpango wa maendeleo wa mwaka hupelekwa katika bunge la kaunti kufikia tarehe 1 Septemba. Mkakati wa fedha wa kaunti hupelekwa kufikia tarehe 28 Februari, na huo ndio unaoweka viwango vya fedha kwa kila idara. Makadirio yenyewe hufika tarehe 30 Aprili. Mtaro usiokuwa katika mpango wa Septemba utauombea nafasi Mei kwa shida kubwa, maana fungu limeshagawanywa. Aliyemwambia yule mama kwamba pendekezo lake limepokelewa huenda hakuwa na ubaya wowote. Alikuwa tu akimpokelea ombi lililochelewa miezi minane, na hakuna mtu aliyewahi kumweleza mama huyo mwezi wa kulileta.

Basi ninapendekeza nini? Ninapendekeza tuipime wadi yetu wenyewe, kuanzia sasa mpaka mwisho wa Septemba. Tusianze na mambo makubwa. Kaya kumi kumi, kama walivyofanya wenzetu wa Mukuru. Kila kundi liulizane: katika mwaka uliopita tuliomba nini, tulimwomba nani, na alijibu nini. Tuulizane pia ni nani katika kaya hizi kumi hajawahi kuitwa popote, na kwa nini. Mtu asijibu kwa niaba ya mke wake au mpangaji wake. Majibu tutayakusanya, tutayapeleka kwa mwakilishi wadi na kwa msimamizi wa wadi kwa barua iliyopigwa muhuri wa kupokelewa, na nakala tutaibandika mlangoni mwa ukumbi wetu hapa Kaloleni. Hatutamtukana mtu. Pale walipofanya vizuri tutaandika kwamba walifanya vizuri, kwa sababu kipimo kinachoona makosa tu hakiaminiki, na mimi nawajua watumishi wa kaunti wanaofanya kazi hadi usiku bila mtu kuwashukuru.

Mwakilishi wetu amekubali kuja Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao, na nimemwomba asije na mapendekezo mapya. Nimemwomba aje na orodha ya yale tuliyomwomba mwaka jana, na mbele ya kila moja aandike limefanyika, linaendelea, au halitafanyika na sababu yake. "Halitafanyika" nalo ni jibu. Mtu mzima akiambiwa hapana kwa sababu za kueleweka hujipanga upya. Anayeachwa bila jibu hubaki akingoja masika.

Mkitoka, mtaona meza mlangoni na daftari juu yake. Safu zake ni hizi: nilichoomba, niliyemwomba, tarehe niliyoomba, na tarehe niliyojibiwa. Ukurasa wa kwanza, mstari wa kwanza, umeshaandikwa. Ni mtaro wa karibu na stendi, na safu ya mwisho iko wazi. Mama mwenyewe yuko hapa, ameketi safu ya tatu, na ndiye atakayekaa na daftari hilo.